Kisanduku cha dawa cha siku saba kwa mgonjwa wa tezi ya thairoidi: kinafaa wapi, na wapi kinahitaji uangalizi

Kisanduku ninachokizungumzia ni kile cha plastiki chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya juma, kinachouzwa katika maduka mengi ya dawa na hata kwa wauzaji wa vyombo vya nyumbani. Hakina jina kubwa la kampuni, na bei yake haizidi shilingi elfu chache. Nilikinunua kwa ajili ya mama yangu, mzaliwa wa Lushoto anayeishi Tanga, ambaye tezi yake ya thairoidi iliondolewa yote katika upasuaji wa rovu, na ambaye tangu wakati huo anameza kila siku kidonge cha levothairoksini, yaani homoni inayoshika nafasi ya ile iliyokuwa ikitengenezwa na tezi, na ataendelea kukimeza maisha yake yote. Ninakipima kwa jambo moja tu, nalo ni kama kinamwezesha mgonjwa wa aina yake kuifuata dawa yake inavyotakiwa. Maoni yangu ni kwamba kinastahili kununuliwa, lakini faida yake haiko pale ambapo wauzaji wanaielekeza, na kikitumiwa kama kinavyotoka dukani kinaweza kuipunguza nguvu dawa ileile kilichokusudiwa kuilinda.

Ili hukumu hii ieleweke, ni lazima kwanza niseme dawa yenyewe inamtaka mgonjwa afanye nini. Kidonge cha levothairoksini ni kidogo, hakina ladha ya kukera na hakimchoshi mtu kukimeza, lakini masharti yake ni mengi kuliko umbo lake. Kinamezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula cha asubuhi, na katika hesabu hiyo chai ya maziwa na kahawa nazo ni chakula. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, vidonge vya kalsiamu, na dawa za kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu vinapaswa kukaa mbali nacho kwa muda wa saa nne hivi, kwa kuwa huishika levothairoksini ndani ya utumbo na kuizuia isiingie kwenye damu. Dozi yake hupimwa kwa maikrogramu. Mtu mzima asiyebaki na tezi kabisa kwa kawaida huhitaji takriban maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na vidonge hutengenezwa kwa hatua ndogondogo, 25, 50, 75, 100 na kuendelea, kwa sababu mwili unatambua tofauti hizo. Mgonjwa anayeandikiwa maikrogramu 100 kisha akameza kidonge chake sambamba na kikombe cha chai ya maziwa kila asubuhi hapati maikrogramu 100, ingawa anaamini kwa dhati kwamba hajaruka hata siku moja.

Kuna sifa nyingine ya dawa hii ambayo naiona kuwa ndiyo chanzo cha matatizo mengi ya ufuasi, yaani kuimeza dawa kama ilivyoelekezwa. Levothairoksini hukaa mwilini muda mrefu, kiasi kwamba huchukua takriban siku saba kupungua hadi nusu. Kwa mgonjwa mwangalifu hiyo ni neema, kwa sababu kusahau kidonge kimoja hakumwangushi. Kwa mgonjwa asiyeelezwa vizuri ni mtego, kwa kuwa anaacha dawa Jumatatu, anaamka Jumanne akiwa mzima, Ijumaa bado ni mzima, na wiki ya pili anawaambia watu kwamba amepona. Uchovu, baridi isiyoelezeka, choo kigumu, ngozi kukauka, sauti kuwa nzito na uso kuvimba hurudi polepole mno, na vikisharudi havihusishwi tena na dawa iliyoachwa, bali na umri, na mawazo, au na hali ya hewa.

Nchini kwetu tunalijua vizuri neno ufuasi kupitia kliniki za tiba na matunzo za wanaotumia ARV. Huko mgonjwa hukaa na mshauri, huulizwa dozi alizokosa bila kutishwa, huhesabiwa vidonge vilivyobaki, na mara nyingi hupata mwenzake wa kumkumbusha. Mgonjwa wa thairoidi, ambaye naye ana dawa ya kila siku ya maisha, mara nyingi huondoka na karatasi iliyoandikwa 1x1 na tarehe ya kurudi. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba hata katika nchi tajiri, wanaofuata ipasavyo tiba za magonjwa ya muda mrefu ni wastani wa asilimia 50 tu. Nalitaja hilo kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kuruka dawa ni ujinga wa watu wa vijijini, na dhana hiyo huwafanya wagonjwa wafiche ukweli mbele ya daktari.

Sasa nirudi kwenye kisanduku. Faida yake kubwa si kukumbusha. Hakina kengele wala taa, na mtu aliyesahau dawa atakisahau na chenyewe. Faida yake ni kujibu swali linalowasumbua watu wanaomeza dawa alfajiri wakiwa bado na usingizi: nimekunywa, au sijanywa? Kwa pakiti ya kawaida swali hilo halina jibu, kwani nafasi iliyo wazi kwenye pakiti haisemi ni ya leo au ya jana. Hapo wengine hurudia kidonge, na wengine, kwa kuogopa kurudia, huacha kabisa. Kwa kisanduku, mama yangu hufungua kifuniko cha siku hiyo, akakuta chumba kitupu, na mjadala unaishia hapo. Akikuta kidonge bado kipo na muda wa chai umeshapita, tulishakubaliana na daktari wake kwamba atakimeza baadaye siku hiyohiyo tumbo likiwa limetulia, badala ya kuiacha siku ipite bure. Kila mgonjwa anapaswa kuwa na makubaliano kama hayo na daktari wake kabla siku ya kusahau haijafika.

Pale kisanduku kinapolipa gharama yake mara nyingi zaidi ni kwa wagonjwa ambao dozi zao hazifanani kila siku. Daktari anapoona kwamba maikrogramu 75 ni kidogo na 100 ni nyingi, huweza kuagiza zipishane, leo hii na kesho ile. Vivyo hivyo, mwanamke aliyekuwa akitumia levothairoksini akapata ujauzito huhitaji dozi kubwa zaidi mapema, na njia mojawapo inayopendekezwa na wataalamu ni kuongeza vidonge viwili kwa juma, yaani tisa badala ya saba, wakati akisubiri kupimwa na kuelekezwa zaidi. Kuyakumbuka haya kwa kichwa ni kazi ngumu. Kuyapanga mara moja kwa wiki, siku ya mapumziko, kukiwa na mtu wa pili anayetazama, ni kazi ya dakika chache. Kama kisanduku hiki kisingekuwa na faida nyingine yoyote, hii peke yake ingenitosha kukipendekeza kwa mjamzito mwenye tatizo la thairoidi, kwa kuwa mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo, hutegemea homoni ya mama yake kwa ukuaji wa ubongo.

Utengenezaji wake una kasoro ambazo si za kupuuzwa. Siku zimeandikwa kwa herufi moja moja za Kiingereza, zikianzia na Jumapili, na mbili kati ya herufi hizo zinajirudia. Mama yangu huanza juma kwa Jumamosi kama sisi sote, na hakuwa tayari kufikiri kwa herufi za kigeni saa kumi na moja alfajiri. Tulibandika vipande vya plasta juu ya vifuniko na kuandika Mosi, Pili, Tatu, Nne, Tano, Alhamisi na Ijumaa kwa kalamu nene, na tatizo likaisha. Vifuniko navyo ni vigumu. Upungufu wa homoni ya thairoidi huweza kukakamaza viungo na kufanya vidole vife ganzi, kwa hiyo mtu anayehitaji kisanduku hiki zaidi ndiye huyohuyo anayehangaika kukifungua. Kikifunguka ghafla, kidonge huruka, na kidonge cha ukubwa huo kikidondoka kwenye mkeka au chini ya kitanda hakionekani tena. Nashauri mnunuzi afungue na kufunga vyumba vyote saba palepale dukani, kwa kidole kimoja, kabla hajatoa pesa.

Kasoro kubwa zaidi haiko kwenye plastiki, iko kwenye wazo lenyewe la chumba kimoja kwa siku. Muuzaji anakionyesha kama mahali pa kuweka dawa zako zote za siku pamoja, na picha kwenye boksi lake inaonyesha hivyohivyo. Kwa mgonjwa wa shinikizo la damu pengine hakuna neno. Kwa mgonjwa aliyeondolewa tezi ya thairoidi, mpangilio huo ni hatari, kwa sababu wengi wao huandikiwa pia kalsiamu, kutokana na kwamba vitezi vidogo vinavyosimamia kalsiamu viko nyuma ya tezi hiyo na huweza kuathirika wakati wa upasuaji. Kliniki niliketi jirani na mama mmoja wa makamo aliyefungua kisanduku chake kwa fahari ili anionyeshe jinsi alivyojipanga. Ndani ya kila chumba kulikuwa na kidonge kidogo cheupe cha levothairoksini, kidonge kikubwa cha kalsiamu, na kidonge chekundu cha kuongeza damu, vyote vitatu vikisubiri kumezwa kwa mkupuo mmoja.

“Dada, mimi siruki hata siku moja,” aliniambia, “lakini kila nikipima, wananiambia kipimo bado kiko juu na wananiongezea dawa.”

Kipimo alichokitaja ni TSH, ambacho hupanda pale homoni ya thairoidi inapopungua mwilini. Alikuwa anasema kweli, na nilimwamini. Ufuasi wake wa siku ulikuwa kamili, bali ufuasi wake wa saa haukuwapo, na kisanduku ndicho kilichomfundisha hivyo. Nilimsihi amwonyeshe mfamasia kisanduku chenyewe, kikiwa kimejaa, kabla hajaingia kwa daktari. Watengenezaji wanaouza bidhaa hii hapa kwetu wangefanya jambo la maana sana kama wangeweka karatasi fupi ya Kiswahili inayosema kwamba si kila dawa inaruhusiwa kulala chumba kimoja na nyingine.

Kwa hiyo aina ninayoipendekeza ni ile yenye safu mbili, ya asubuhi na ya jioni, ambayo bei yake imezidi kidogo tu. Safu ya asubuhi ibaki na levothairoksini peke yake, bila mwenzake yeyote, na kalsiamu na dawa ya damu ziende safu ya pili, zimezwe mchana au baada ya chakula cha jioni. Asiyepata ya safu mbili anunue viwili vya rangi tofauti, kimoja kikae kando ya kitanda na kingine mezani pa chakula. Sisi tumechagua njia hiyo ya pili, na rangi imemsaidia mama kuliko maandishi.

Yapo pia masuala ya hifadhi, ambayo ukanda wa pwani unayafanya kuwa mazito. Levothairoksini haipendi joto, mwanga wala unyevu. Maelekezo ya aina zinazotumika sana yanataka isizidi nyuzi joto 25 na ikae ndani ya pakiti yake, na kila anayeishi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam anajua kwamba kuna miezi ambayo nyuzi 25 hazipatikani hata usiku wa manane. Kidonge kikishatolewa kwenye pakiti na kuwekwa kwenye plastiki inayopitisha mwanga, kinapoteza kinga hiyo. Wakati wa masika niliona vumbi jeupe kwenye pembe za vyumba, dalili kwamba vidonge vilikuwa vimeanza kulegea kwa unyevu. Tangu hapo tunajaza vidonge vya juma moja tu, kamwe si vya mwezi, na kisanduku kinakaa ndani ya droo ya chumbani, mbali na dirisha, mbali na jiko, na mbali na juu ya friji ambako joto la mashine hupanda. Anayeweza kukata pakiti yenyewe vipande vipande kwa mkasi na kuweka kila kipande chumbani mwake bila kukifungua atafanya vizuri zaidi, ilimradi chumba kiwe kikubwa cha kutosha.

Kuhusu wakati wa kumeza, kisanduku hakina la kusema, na hapa mgonjwa lazima akiunganishe na jambo ambalo tayari analifanya kila siku. Mama yangu amekiunganisha na adhana ya alfajiri. Anaamka, anameza kidonge na glasi ya maji iliyofunikwa tangu usiku, anatia udhu na kuswali, anafagia uani, na chai inapochemka muda unaotakiwa umeshapita wenyewe. Mwingine ataunganisha na kengele ya simu, au na kumwamsha mtoto wa shule. Wasioweza kabisa kuichelewesha chai wanayo njia nyingine, ambayo madaktari wengi hawaitaji mpaka waulizwe, nayo ni kumeza wakati wa kulala, angalau saa tatu baada ya mlo wa mwisho. Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2010, uliokamilishwa na wagonjwa 90, ulionyesha kwamba waliomeza usiku walikuwa na viwango bora vya homoni kuliko walipomeza asubuhi. Sharti la saa tatu ndilo gumu kwetu, kwa nyumba ambazo chakula cha usiku huliwa saa nne na watu wakaenda kulala saa tano. Mwezi wa Ramadhani nao hubadili mpango wote, na mgonjwa anayefunga anapaswa kuzungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama kuhusu lini atameza, iwe ni kabla ya daku kwa kuamka mapema kidogo, iwe ni wakati wa kufungua kwa maji na kuichelewesha futari, iwe ni usiku sana. Nimewasikia watu wakiiacha mwezi mzima kwa kudhani kwamba funga inaruhusu. Kwa dawa inayomezwa mara moja tu kwa siku, hakuna haja ya kufika huko, kwa sababu usiku mzima uko wazi.

Yako mambo ambayo hakuna kisanduku kitakachoyatatua, na nisingependa mtu anunue plastiki akidhani amenunua ufuasi. La kwanza ni imani kwamba dawa hii ni ya kutibu ikaisha. Jirani zetu wamemwambia mama kwa nia njema atumie chumvi yenye madini joto aache vidonge. Chumvi hiyo, ambayo nchi yetu ilianza kuisimamia kisheria katika miaka ya 1990, imewakinga na rovu watoto wengi wa milimani kama Lushoto, na ninaiheshimu sana, lakini huipa tezi malighafi, na ambaye hana tezi hana mahali pa kuipeleka malighafi hiyo. Wala hakuna unga wa majani unaoweza kushika nafasi ya homoni. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alianza kumtibu mwanamke mwenye upungufu huu kwa maji ya tezi za kondoo, na mwanamke huyo aliishi miaka 28 zaidi akitumia dawa iliyotoka kwenye tezi za kondoo zaidi ya 870. Ninamfikiria mara nyingi, kwa sababu yeye hakuwa na kidonge safi cha maikrogramu zilizopimwa, na hakuacha.

La pili ni upatikanaji. Kisanduku kilichojaa kinafariji, lakini hakionyeshi kwamba pakiti iliyoko kabatini imebakiza vidonge vinne. Katika miji midogo dozi fulani hukosekana dukani kwa siku kadhaa, na mgonjwa hupewa ya nguvu nyingine akate mwenyewe. Tumejiwekea desturi ya kuangalia pakiti kila siku ya kujaza kisanduku, na zikibaki za wiki mbili tunaanza kutafuta nyingine. Duka likibadilisha kampuni ya dawa, tunamwarifu daktari, kwa kuwa kipimo huweza kuhitajika upya.

Na kipimo hicho, TSH, ndicho kinachosema ukweli wa ufuasi kuliko kisanduku na kuliko maneno. Hufanywa wiki 6 hadi 8 baada ya kubadilisha dozi, kwa sababu mwili huhitaji muda huo kutulia. Wapo wanaoruka dawa kwa miezi halafu wakaimeza kwa bidii siku chache kabla ya kliniki. Homoni yenyewe huonekana kuwa ya kutosha kwenye damu, ilhali TSH bado iko juu, na daktari mzoefu huielewa hali hiyo mara moja. Ni bora mgonjwa aseme mapema, kwa kuwa daktari asiyeambiwa huweza kuongeza dozi, na dozi iliyozidi, siku mgonjwa atakapoanza kuimeza sawasawa, huenda ikauchosha moyo kwa mapigo ya kasi na kuidhoofisha mifupa.

Kwa anayekwenda kununua, basi, atafute chenye safu mbili, plastiki isiyopitisha mwanga, vifuniko laini, na vyumba vipana vya kuingiza kipande cha pakiti. Mwenye kidonge kimoja tu cha dozi isiyobadilika, anayeamka saa ileile na hana dawa nyingine, anaweza kuishi bila kisanduku, akaandika siku kwa kalamu juu ya pakiti yenyewe. Siku ya kliniki au ya safari, kisanduku kisichukuliwe peke yake, kwa kuwa hakina jina la dawa, wala nguvu yake, wala tarehe ya kuisha muda wake. Pakiti iliyobaki na vidonge ifungwe kwa mpira pamoja na kadi ya kliniki, ili muuguzi atakayempokea mgonjwa ajue ni maikrogramu ngapi.